Tukinunua kompyuta kuu, tutawapita washindani?

Swali la msomaji, kwa kifupi: "Ninaongoza idara ya usanifu katika kiwanda cha wastani kinachotengeneza pampu za maji na feni za viwandani. Tangu wazo hadi bidhaa ifike sokoni tunatumia miezi 18, na mshindani wetu mkubwa anatoa toleo jipya kila mwaka. Mzunguko mmoja wa usanifu unatuchukua wiki sita. Ndani yake, hesabu ya mwendo wa maji peke yake inakula siku nne kwenye kompyuta ya mezani yenye viini 16, yaani sehemu 16 zinazopiga hesabu kwa wakati mmoja. Mkurugenzi amerudi kutoka kwenye maonyesho na profoma ya klasta, yaani seva nane zilizounganishwa zifanye kazi pamoja. Je, tununue? Tukikodi kompyuta za wengine kwa njia ya intaneti, yaani kwenye wingu, siri zetu zitakuwa salama? Na tukinunua, ghala la zamani lililo nyuma ya karakana litafaa kuziweka?"

Mhandisi, nianze na la kwanza: msinunue. Bado. Sina maana kwamba kompyuta kubwa hazileti faida kiwandani. Zinaleta, na nitakuonyesha zilipoleta. Ila takwimu mbili ulizoniandikia mwenyewe zinatosha kuirudisha ile profoma kwenye droo kwa muda.

Wiki sita ni siku 30 za kazi. Hesabu inachukua nne. Sasa chukulia kwamba mmepata mashine ya miujiza, inayoimaliza hesabu hiyo kabla hujanyanyua kikombe cha chai. Mzunguko wenu utachukua siku 26. Mmeokoa asilimia 13, na mshindani bado yuko mbele.

Jambo hili lina historia. Mwaka 1967 Gene Amdahl, aliyekuwa mhandisi wa IBM, alieleza kwamba kila kazi ina sehemu inayoweza kugawiwa wengi na sehemu ambayo lazima ifanywe hatua kwa hatua na mmoja. Chukua kazi ya saa 100 ambayo saa 5 kati yake hazigawanyiki. Ukiipa viini 95, zile saa 95 zinakuwa saa moja, jumla saa 6. Ukiongeza mara kumi, viini 950, jumla inashuka hadi saa 5 na dakika 6. Umelipia mara kumi ukaokoa dakika 54. Hata ukiipa viini milioni moja, saa 5 zile zitabaki palepale, kwa hiyo kasi haitazidi mara 20 kamwe.

Watu wa kompyuta wanaitumia sheria hiyo kwa programu na vichakataji. Mimi nimezoea kuitumia kwa kiwanda kizima, maana huko ndiko inakouma zaidi. Sijawahi kukaa ofisini kwenu, lakini nimekaa katika idara za usanifu za kutosha kuweza kuotea zile siku 26 zimelala wapi. Mchoro unatoka kwa mchoraji ukiwa na matundu ya boliti, nembo ya kampuni, na nyuso mbili zilizoachana kwa sehemu ya kumi ya milimita. Mtu anakaa siku tatu akiusafisha ili maji yasivuje ndani ya hesabu. Halafu mtu huyohuyo, kwa kuwa ndiye pekee anayejua, anatengeneza wavu, yaani anaikatakata nafasi yote ya maji kuwa vijiseli mamilioni ambavyo kompyuta itavipigia hesabu kimoja kimoja. Akishikwa na mafua, mradi umeshikwa na mafua. Hesabu inaisha Ijumaa usiku, matokeo yanafunguliwa Jumatatu. Ripoti inasubiri kikao, kikao kinamsubiri mkurugenzi, na sampuli inasubiri zamu yake ya kusubiwa, yaani chuma kumiminwa kwenye kalibu.

Kwa hiyo kabla ya seva hata moja, nunueni daftari. Kwa mizunguko miwili inayofuata, kila faili linapotoka mkononi mwa mtu kwenda kwa mwingine, andikeni saa na tarehe. Msikadirie, watu wakikadiria, kazi wasiyoipenda huonekana ndefu na kikao huonekana kifupi. Nimeona mahali ambapo kila mtu aliapa kwamba tatizo ni kompyuta, daftari likaonyesha kwamba faili zilikaa siku tisa zikisubiri mtu mmoja azipitie na kuweka sahihi.

Faida inaanzia hapa. Mwenye kiwanda kama chenu hapati mengi kwa kulimaliza swali moja haraka. Anapata kwa kuuliza maswali 200 kwa mpigo. Leo mnachora impela moja (lile gurudumu la mapanga linalosukuma maji ndani ya pampu), mnaipigia hesabu, mnairekebisha, mnarudia. Mnafanya labda mizunguko sita au saba mpaka muda unaisha, na mnachopeleka sokoni ni kilichokuwa bora kati ya saba. Hebu ielezeni impela kwa namba badala ya mchoro: idadi ya mapanga, pembe ambayo maji yanaingilia, pembe ya kutokea, upana wa mdomo, kipenyo, unene wa panga kwenye shina na kwenye ncha. Namba 12 hivi zinatosha. Andikeni skripti, yaani programu fupi, inayozichukua namba hizo, inachora umbo, inatengeneza wavu, inaendesha hesabu na kurudisha vitu vitatu tu: ufanisi, kimo ambacho maji yanapandishwa, na dalili za mapovu. (Mapovu unayajua: shinikizo likishuka mno kwenye mdomo wa impela maji yanachemka yakiwa baridi, na kila povu linapopasuka linadonoa chuma.) Skripti hiyo itamchukua kijana mwerevu miezi miwili au mitatu, na atakuwa amezifuta siku kadhaa za mzunguko wenu bila kugusa seva yoyote.

Sasa hesabu ya fedha inabadilika. Kazi moja ya siku nne kwa viini 16 ni saa 96 mara 16, yaani saa-kiini 1,536. Hicho ndicho kipimo ambacho wauzaji wa nguvu za kompyuta hulipisha. Miundo 200 inahitaji saa-kiini 307,200. Kwenye kompyuta yenu ya mezani hizo ni siku 800, zaidi ya miaka miwili. Kwa viini 3,200 ni siku nne zilezile. Kwa aliyekodi, bei ya njia zote mbili inakaribiana sana, kwa sababu saa-kiini ni zilezile. Tofauti ni kwamba mmoja anapata majibu wiki hii na mwingine bidhaa ikiwa imeshapitwa. Kazi za namna hii hazitegemeani, kila muundo unajipigia hesabu zake, na hapo Amdahl karibu hana la kusema.

Wala hamhitaji zote 307,200. Mkiulegeza wavu mara mbili kila upande, vijiseli vinapungua mara nane, na gharama inashuka angalau kwa kiasi hicho. Chujeni miundo 200 kwa wavu mlegevu, bakizeni 10, kisha hizo 10 ndizo mzipe wavu mzito. Jumla inakuwa saa-kiini 53,760, chini ya moja ya tano ya zile za mwanzo. Hadhari moja: wavu mlegevu unaweza kudanganya kuhusu nani ni wa kwanza. Jaribuni kwanza kwa pampu zenu tatu za zamani ambazo tayari mnajua ipi ni bora. Kama wavu mlegevu unazipanga kwa mpangilio uleule mliouona kwenye benchi la kupimia, utumieni kuchujia. Kama hauzipangi hivyo, rudini nyuma hatua moja, kwenye wavu mzito kidogo.

Uliniuliza pia, katikati ya barua yako ndefu, kama kuna viwanda vilivyofaidika kweli au ni maneno ya wauzaji. Vipo. Boeing ilipounda ndege ya 767 ilipima maumbo 77 ya mabawa kwenye handaki la upepo, yaani njia ya kupulizia hewa ili kupima umbo. Ilipofika kwenye 787 ilipima 11. Angalia vizuri lakini: haikufika sifuri. Handaki la upepo lilibaki. Kilichobadilika ni kwamba maumbo dhaifu yalifia ndani ya kompyuta kabla mtu hajayatengeneza kwa mkono.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Goodyear, watu wa matairi. Tairi ni kitu kigumu sana kukipigia hesabu: mpira unaonyumbuka, nyuzi za chuma ndani yake, joto, barabara, maji. Mwaka 1993 waliingia ushirikiano na maabara ya taifa ya Sandia ya Marekani, ambayo ilikuwa na wataalamu wa kuiga jinsi vitu vinavyoharibika. Waliijenga programu kwa miaka. Tairi la Assurance lenye TripleTred, lililotoka miaka ya 2000, ndilo lililoonyesha matunda: muda wa kuunda bidhaa ulishuka kutoka miaka mitatu hadi chini ya mmoja. Wauzaji hupenda kuutaja mwaka mmoja ule, na huuruka ule muongo uliotangulia. Mashine waliyoanza nayo ilishakuwa chakavu kabla ya tairi kufika dukani. Kilichodumu ni programu na watu walioielewa.

Procter & Gamble nao walikuwa na tatizo linalochekesha mpaka ukumbuke ni fedha ngapi. Chipsi za Pringles, zilizokuwa zao wakati ule, zina umbo la tandiko la farasi, na kwenye mstari wa uzalishaji zikienda kasi zilikuwa zinapaa kama bawa na kuruka nje ya mkanda. Wahandisi wakazipigia hesabu zilezile za mwendo wa hewa zinazotumika kwa ndege, wakatafuta namna ya kuzifanya zitulie. Nimeutaja mfano huu makusudi, kwa sababu watu wa pampu na feni hufikiria pampu na feni tu. Huenda faida yenu kubwa iko kwenye tanuri la kusubia, au kwenye mashine ya kupaka rangi, mahali ambapo chuma kinapoa vibaya na kuwarudishia bidhaa mbovu kila mwezi.

Mwisho kuna BMI, kampuni ndogo ya Marekani isiyokuwa na kompyuta kuu yoyote. Ilikuwa inaunda vipande vya kufungwa chini ya malori ya masafa marefu ili yakate upepo vizuri. Ilipewa nafasi kwenye Jaguar, kompyuta kuu ya maabara ya taifa ya Oak Ridge ya Marekani, ikaweza kuliiga lori zima badala ya nusu lori. Kazi iliyokadiriwa miaka mitatu na nusu ikaisha kwa mwaka mmoja na nusu. Mashine ilibaki Oak Ridge, kampuni ikaondoka na majibu.

Kuhusu mashine yenyewe, nikwambie machache ambayo muuzaji kwenye maonyesho hakumwambia mkurugenzi wako. Atakuwa amemwonyesha namba kubwa ya kasi. Namba hiyo hupimwa kwa jaribio linaloitwa Linpack, ambalo ndilo hupanga Top500, orodha ya kompyuta 500 zenye kasi zaidi duniani, tangu Juni 1993. (Ya kwanza siku ile ilikuwa CM-5 ya maabara ya Los Alamos, Marekani, gigaflopi 59.7, maana yake hesabu bilioni 59.7 za desimali kwa sekunde. Kompyuta yenu ya mezani yenye viini 16, kama ni ya miaka ya karibuni, ingeishinda. Mweleze mkurugenzi hilo, litamfariji.) Linpack ni hesabu nyepesi kwa kichakataji, kwa maana kwamba kinachota data mara moja na kuitumia tena na tena. Hesabu za maji haziko hivyo. Kila kijiseli kinauliza majirani zake, kinafanya hesabu kidogo, kinaandika, kinasonga. Kichakataji kinakaa kikisubiri kumbukumbu imletee data, kama fundi hodari mwenye saidia-fundi mvivu.

Ukubwa wa tofauti hiyo unaonekana kwa Frontier ya Oak Ridge, kompyuta ya kwanza kuvuka eksaflopi moja kwenye orodha ile, Mei 2022. (Petaflopi ni gigaflopi milioni moja, na petaflopi 1,000 ndizo eksaflopi moja.) Kwa Linpack inapita petaflopi 1,000. Kwa jaribio jingine, HPCG, linalofanana zaidi na kazi kama zenu, inatoa petaflopi 14 hivi. Karibu asilimia moja. Si kasoro ya Frontier; kompyuta karibu zote ziko hivyo. Kwa hiyo kwenye profoma yenu usiangalie idadi ya viini kwanza. Angalia njia za kumbukumbu kwa kila kichakataji na kasi yake. Seva yenye viini 64 inaweza isiipite yenye viini 32 kwa hesabu za maji, ikiwa zote mbili zinanyweshwa kwa bomba moja. Muulize muuzaji akuendeshee faili lenu wenyewe kwenye mashine yake, si faili la maonyesho, na akupe muda kwa seva moja, mbili, nne na nane. Akikataa, umeshapata jibu.

Mkifanya jaribio hilo mtaona kitu kingine. Kazi yenu, ambayo kwenye barua ndefu uliitaja kuwa ya vijiseli milioni 8, haiwezi kugawanywa bila mwisho. Kwa uzoefu, mgawo ukishuka chini ya vijiseli 20,000 hadi 50,000 kwa kila kiini, viini vinatumia muda mwingi kupelekeana habari kuliko kufanya kazi. Kwenu hiyo ni kama viini 160 mpaka 400. Zaidi ya hapo mnalipia umbea.

Na jihadharini na tamaa ya wavu mzuri zaidi. Ukikata kila upande wa kijiseli nusu, vijiseli vinakuwa mara 8, na kwa hesabu zinazofuata mwendo kwa wakati hatua za wakati nazo lazima ziwe nusu, jumla mara 16. Ukigeuza hesabu hiyo, mashine yenye nguvu mara 10 inakupa picha kali mara 1.8 hivi, basi. Kuna watu wanabadilisha seva kila miaka michache wakishangaa kwa nini majibu yanafanana.

Kadi za grafiki? Ndiyo, kwa kazi zinazozifaa. Zina njia pana sana ya kumbukumbu, ndiyo maana programu nyingi za mwendo wa maji zimehamia huko. Ila hakikisheni programu mnayoitumia imehamia kweli, kwa moduli mnazozihitaji, na kwamba kumbukumbu ya kadi inatosha wavu wenu mzima. Nimeshaona kadi ya bei kubwa ikitumika kuonyesha picha tu.

Leseni ndiyo inayoumiza kimyakimya. Programu nyingi za biashara hulipishwa kwa idadi ya viini. Mkitoka viini 16 kwenda 256, gharama ya leseni inaweza kuipita ya mashine. Soma mkataba wenu wa sasa kabla ya kusoma profoma. Njia mbadala ni programu huria: OpenFOAM, iliyofunguliwa mwaka 2004, na zile za shirika la umeme la Ufaransa, EDF, yaani Code_Saturne kwa maji na Code_Aster kwa uimara wa vyuma. Hazina ada ya leseni, lakini si za bure. Mnalipia kwa miezi ya mtu anayejifunza, na kwa ugumu wa kutokuwa na wa kumpigia simu usiku. Kwa kazi ya kuchuja miundo 200 kwa wakati mmoja, bado mimi ningeelekea huko, nikaiacha programu ya biashara kwa zile 10 za mwisho.

Hapa nitulie kidogo, kwa sababu kuna kosa moja nililifanya mwenyewe na sitaki ulirudie. Zamani, nikiwa na miaka michache kazini, nilipewa pampu ya kiwanda kimoja niipandishe ufanisi. Kompyuta ikanipa asilimia 94. Nilitembea kwenye korido kama bwana harusi. Sampuli ikasubiwa, ikafungwa kwenye benchi, ikatoa 81. Siku mbili nikawa nawalaumu mafundi wa benchi kwamba vipimo vyao vimeharibika. Mzee mmoja wa karakana akanichukua, akaniwekea impela mezani na kunipa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene. Panga lilikuwa nene kuliko mchoro wangu kwa milimita moja na nusu, kwa sababu mchanga wa kusubia hauwezi kutoa ukingo mwembamba nilioutaka. Ndani ya hesabu yangu uso wa chuma ulikuwa laini kama kioo, mkononi ulikwaruza. Na ule mwanya kati ya impela na gamba, ambapo maji hurudi nyuma na kuvuja, mimi niliuziba kabisa kwa sababu ulikuwa unasumbua kutengenezea wavu. Msuguano wa maji nyuma ya diski ya impela sikuuhesabu hata kidogo. Asilimia 13 zilikuwa zimejificha humo, na hakuna idadi ya viini ingezifichua, maana kompyuta ilikuwa inajibu kwa usahihi swali ambalo halikuwa pampu yetu.

Ndiyo maana nasema kazi ya kwanza ya hesabu zenu iwe kutabiri pampu mnazozijua. Chukua tatu ambazo mna vipimo vyake vya benchi. Pigeni hesabu bila kutazama vipimo, andikeni utabiri, kisha fungueni. Mkiwa mbali, tafuteni kilichosahaulika. Rudieni kwa wavu tatu, mlegevu, wa kati na mzito, muone jibu linatulia wapi. Usiruhusu mtu achukue muundo mpya kabla ya hapo, hata mkurugenzi akipiga meza.

Turudi kwenye kukodi. Kwa hatua mliyopo, kodini kwa mwaka mmoja. Kazi yenu inakuja kwa mawimbi: wiki mbili mnahitaji viini maelfu, kisha miezi miwili hamhitaji kitu. Seva iliyolala inazeeka sawasawa na inayofanya kazi. Mkiona kwenye ankara za mwaka mzima kwamba mmetumia mfululizo nguvu ambayo klasta ya seva nane ingekuwa kazini zaidi ya asilimia 60 au 70 ya saa zote, itoeni ile profoma kwenye droo. Chini ya hapo, kununua ni fahari. Wapo ambao kwao kununua ni lazima: Eni, kampuni ya mafuta ya Italia, ina HPC6 yake, petaflopi 477, iliyokuwa ya tano duniani Novemba 2024, kwa sababu kusoma mawimbi yanayorudi kutoka chini ya miamba ni kazi yao ya kila siku, usiku na mchana.

Kuna mlango wa tatu ambao wenye viwanda wengi hawaujui. Vituo vya umma vya kompyuta kuu huwa na dawati la viwanda. HLRS cha Stuttgart, Ujerumani, kimefanya kazi na watengeneza magari kwa miaka mingi, NCSA cha Illinois, Marekani, vilevile na makampuni ya kila aina. Ulaya ilianzisha mpango wa SHAPE mwaka 2013 kwa ajili ya kampuni ndogo na za kati, na Marekani ikaanzisha HPC4Mfg mwaka 2015 kwa viwanda. Afrika kuna CHPC cha Cape Town, ambacho mashine yake, Lengau, ilipewa jina la duma kwa Kitswana. Kinachofaa zaidi kwenye vituo hivi ni yule mtaalamu mnayekaa naye wiki tatu, anayewaambia kwamba tatizo lenu lilishatatuliwa na watu wa mitambo ya upepo. Masharti husomwa kwa makini: mara nyingi nafasi isiyolipiwa hutolewa kwa kazi ambayo matokeo yake yatachapishwa. Mkitaka siri, mnalipa.

Kuhusu siri kwenye wingu, hatari ipo lakini si pale watu wanapoiangalia. Michoro ya viwanda huvuja zaidi kwa barua pepe, kwa flashi, na kwa mfanyakazi aliyehamia kwa mshindani na laptopu yake. Fanyeni haya: pelekeni wavu na masharti ya hesabu, si mchoro kamili wenye vipimo vya ustahimilivu (kiasi cha kupungua au kuzidi kinachoruhusiwa), aina ya chuma na jina la mteja. Umbo bado limo ndani ya wavu, lakini mtu akiliiba amepata nusu ya habari. Simbeni faili, yaani zigeuzeni zisisomeke bila ufunguo, na ufunguo mushike ninyi. Ombeni seva nzima nzima, msichanganywe na mteja mwingine kwenye seva moja. Kwenye mkataba itajwe nchi ambamo data italala, na siku ambayo itafutwa. Na kabla ya yote someni mikataba yenu na wateja. Baadhi yao huenda wameshawakataza kutoa michoro yao nje ya jengo, na hapo mjadala umekwisha.

Kuna kero moja itakayowashangaza: kurudisha matokeo nyumbani. Matokeo ya terabaiti moja kwenye intaneti ya megabiti 100 kwa sekunde yanachukua zaidi ya saa 22, kama laini haikatiki. Msiyarudishe. Tengenezeni picha na majedwali hukohuko yaliko, rudisheni megabaiti chache, mengine yafuteni.

Na ghala la nyuma ya karakana: halifai, hata mkija kununua. Seva yenye vichakataji viwili ikiwa kazini kamili hula kilowati moja hivi, kwa hiyo nane ni kilowati 8, na zote zinageuka joto. Ni sawa na kufungia humo hita nne za kilowati mbili, usiku na mchana, mlango ukiwa umefungwa. Bila upoozaji wake maalumu zitajizima zenyewe kabla ya saa sita mchana. Feni zake zinapiga kelele ambayo mtu hawezi kukaa nayo chumba kimoja. Lakini kinachonitisha zaidi ni mashine zenu za kusaga chuma zilizo upande wa pili wa ukuta. Vumbi la chuma linapitisha umeme. Feni za seva zinavuta hewa bila kupumzika, na vumbi hilo litatua moja kwa moja juu ya mbao za saketi. Kama mtafika huko, tafuteni chumba upande wa ofisi, chenye laini yake ya umeme, vichujio vya hewa na sakafu inayobeba uzito, na muweke bei ya chumba hicho kwenye hesabu pamoja na seva, maana kwenye profoma haimo.